Katikati ya Mama na Shemeji kwenye Gari Moshi Dogo

Jumapili. Jua linawaka kwa mbwembwe lakini baridi ya Joburg haina habari nalo. Nafsi haitulii leo. Nimekaa, nimesimama, friji nimelifungua mara nne na ndani hakijaongezeka kitu.

Mama, aliyekuja kututembelea mwezi mmoja, anarudi Tanga Jumanne, na anataka twende wote. Anasema miaka yangu miwili hapa Bellevue kwa dada imetosha. Shule niliikimbia, kuosha magari nikaacha, kinyozi nikamwachia mashine yake, na karakana ya makochi ya shemeji nimeshaisusa mara mbili.

Uongo hapo haupo. Ila na ukweli mwingine usemwe: kwa kuvalisha kochi kitambaa, mji huu mzima hakuna wa kunifikia. Kule Tanga wanajua mimi ndiye fundi mkuu, shemeji ananisaidia tu.

Shemeji akisema nibaki, mama hatabisha. Tatizo ni kumuuliza. Mama na mkwewe wanaogopana kwa heshima, mwezi mzima wanaongea kupitia dada. Na dada kwa hili kagoma: "Seifu, lako hilo, libebe mwenyewe."

Leo tukampeleka mpwa wangu Zuhura, ana miaka sita, kupanda gari moshi dogo la watoto bustanini. Dogo kweli! Mzee wa Kizungu kaikalia injini kama kapanda mbuzi, anailisha makaa ya mawe, nayo inatoa moshi na makelele kama magari moshi makubwa. Abiria mnakaa kwenye benchi jembamba, mguu huku mguu kule, magoti yanamgusa wa mbele.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Dada na Zuhura wakajibana mbele. Mama akakusanya baibui lake, akakaa nyuma yao kiupande. Shemeji kuangalia, nafasi yake ni nyuma ya mama mkwe, goti kwa mgongo. Akarudi hatua mbili kama kaona nyoka.

"Seifu, kaa wewe hapo," akaninong'oneza. "Utaniua, bwana."

Nikakaa katikati yao, nikawa ukuta.

Mzunguko wa kwanza, mama akageuza shingo. "Mwambie shemeji yako, kama mtoto huyu kamchosha, aseme tu niondoke naye."

Mtoto huyu! Na ndevu hizi! Injini inanguruma, shemeji hajasikia neno. Nikamgeukia: "Mama anauliza kama unasikia baridi."

"Mwambie sijambo," akasema. Kisha akanisogelea sikioni. "Na mwambie, kwa heshima yake, asikuchukue. Utulivu huna, lakini mkono unao. Siku usipokuja, kazi inalala."

Eish.

Nilijiandaa kwa masimango, siyo kwa hilo.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Anasema kuna baridi."

Sijui kwa nini. Mimi ninayejisifu hata nikivuka robot, zile taa za barabarani, bila kugongwa, sifa ya kweli ilipofika mdomoni ikaganda. Au najua kwa nini. Mtu akishasema anakuhitaji, utasusaje tena? Mlango unafungwa, na wewe uko ndani.

Tukazunguka mara mbili zaidi. Majivu yanadondokea ushungi wa mama, hayapangusi. Zuhura ananiita "Malume! Malume!", ndiyo mjomba kwa Kizulu chake, anataka nimpungie. Nikapunga kama mbunge.

Tuliposhuka nikamsikia mama akimwambia dada polepole: "Nimeuliza, nikajibiwa kuna baridi. Mtu mwenye adabu hasemi 'mwondoe', husema baridi. Nimeelewa."

Sasa hivi begi la mama liko wazi kitandani. Shati zangu tatu zimo ndani, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kuzikunja mimi. Magharibi imeingia, anaswali. Nimesimama mlangoni na simu, naandika haya, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Akitoa salamu kumaliza sala, naingia. Nampa maneno ya shemeji yote, hata lile la utulivu.

Ya Rabi, arefushe sala ya sunna kidogo.