Mama, Nije?

Walukuba, Jinja
14 Januari 2025

Nandutu,

Wewe mtoto huna adabu. Siku kumi na mbili tangu tutoke ziwani, hujauliza hata mara moja kama jaja yako, bibi aliyemzaa mama yako, bado anapumua. Ulipiga simu, ukaongea na mama yako, ukacheka naye, ukakata. Mimi nilikuwa nimekaa palepale mkekani nangoja nipewe na mimi. Ndivyo wanavyowafundisha kwenye chuo hicho cha unesi? Mgonjwa anaulizwa hali na jirani yake?

Haya, tusalimiane kama watu. Mko wazima huko Malukhu? Ulaji wako ukoje? Mimi kifua kinakwaruza, ila uji unashuka. Kiganja cha kulia, pale mshipi wa kuvulia uliponikata, bado kimefungwa kitambaa.

Naandika kwa sababu simu yangu inapayuka, nikiongea mstari mzima wa nyumba unaitikia. Na simu ya kwenu baba yako ndiye hupokea. Mimi na mkwe wangu hatuwezi kusemeshana jambo la aibu sikio kwa sikio. Barua ataileta Muzafaru na gari lake la samaki. Usicheke mwandiko, mimi shule niliiacha darasa la tatu, na Kiswahili changu nilikiokota kiwandani. Kisoga wewe hukijui, na Kimasaba chenu mimi sikitaki.

Sasa sikiliza. Mama yako yuko hapa kwangu na hapa atakaa. Nilimzaa Nulu mimi, siyo baba yako. Sikatai kwamba Gidudu alianza vizuri. Alikodi boti siku tatu kutoka Masese, akaninunulia mkeka mpya wa kukalia, akatundika shuka katikati ya boti ili mimi nisimwone akila na yeye asinione. Nikasema moyoni, huyu Mgisu leo amekuwa mtu. Siku mbili tumevua, tumekula sangara mpaka tukawachoka, ninyi mkizama na miwani yenu mkiibuka kama mabata.

Siku ya tatu nikaanguka majini. Na huyo baba yako, mzamiaji wa polisi, yule anayeitwa mito ikifurika atoe watu, akasimama ameshika shuka anauliza, "Mama, nije? Mama, nije?" Kama mtu anayebisha hodi! Mimi nazama, yeye anabisha hodi. Alipokuja nilikuwa nimeshakunywa nusu ya ziwa.

Aje na wazee wao, wakae uani kwangu waeleze. Bila hivyo mkewe harudi.

Jaja yako,
Nangobi

*

Malukhu, Mbale
22 Januari 2025

Jaja mpendwa,

Shikamoo jaja. Nimepiga magoti hapa ninapoandika, hata kama hunioni. Nisamehe kwa ile simu. Niliogopa ungenitukana, na sasa umenitukana, basi tumemaliza. Kifua chako usikipake mafuta ya taa tena, tafadhali. Kunywa maji ya moto, na hicho kitambaa kibadilishe kila siku.

Sisi hapa ni wazima wa mwili tu. Nyumba imekuwa kubwa bila mama. Baba anapika mwenyewe, anaunguza, anakula akiwa amesimama.

Jaja, mimi nilikuwa chini ya maji ulipoanguka, upande wa pili wa lile jiwe tulipoegesha boti. Nilipoibuka nilimkuta baba ameshakushika kwapani anakuvuta. Mama alikuwa amelala chini ya turubai, anatapika tangu asubuhi. Latif mwenye boti alikuwa juu ya jiwe anafunga kamba. Aliyekuwa karibu na baba ni baba mdogo Cleophas peke yake, na unamjua mdomo wake. Alichokiona ni mgongo wa kaka yake mbele ya shuka, na sauti ikiuliza. Amekipeleka kwenye chungu cha malwa, wanakonywea pombe yao ya ulezi kwa mirija, siku ileile tuliyorudi. Sasa Malukhu nzima inamwita baba "Afande Nije". Vijana aliowafundisha yeye kuzamia wanapigiana saluti: "Afande, nije?" "Ngoja kidogo, afande, mama hajajibu!" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Juzi mwanamke sokoni alimuuliza baba kama anataka ruhusa ya kununua nyanya.

Baba alilipa nyanya zake akarudi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini alisimama. Akasema, "Niliuliza kwa sababu ni mama mkwe." Nikamuuliza, "Sasa jaja alikujibu nini?" Akatoka nje, akaanza kuosha baiskeli ambayo ni safi.

Basi nakuuliza wewe. Ulimsikia akiuliza? Ulimjibu nini?

Mjukuu wako,
Nandutu

*

Walukuba
28 Januari 2025

Nandutu,

Siku hizi wewe ni polisi kama baba yako? Mtu ana maji mdomoni, puani, masikioni, halafu anaulizwa alijibu nini! Siku utakayozama mimi nitakuja na kalamu nikuandikishe maelezo.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mafuta ya taa nimeacha, nimechukua ya mbuzi. Mama yako ni mzima pia, ila hafui wala hachoti maji, anakaa mlangoni anatazama barabara. Nimemwambia barabara haina kosa.

Ninyi mnataka kunigeuzia kesi. Nitakueleza nilivyoanguka, usije ukasikia kwa Cleophas. Latif alileta zile laifujaketi, mkavaa wote. Mimi nilikataa. Gomesi yangu ya hariri, lile gauni refu nililovaa harusi ya Rahmah wa jirani, niifunge na godoro la rangi ya chungwa, nionekane kama boga? Nikaikalia hiyo laifujaketi. Halafu sangara akashika mshipi wangu. Siyo samaki mdogo, Nandutu, yule alikuwa na kichwa cha ndama. Nikazungusha mshipi kiganjani mara mbili nisimpoteze, nikasimama nimvute mbele yenu wote. Yeye akanivuta mimi. Ndiyo hivyo tu. Kosa ni la samaki, na la Latif kupanda juu ya jiwe kama nyani, na la baba yako.

Majirani wamekuja wote kunipa pole. Mke wa imamu alilia. Nikamwambia, mkwe wangu alinitazama nikizama. Wakapiga makofi ya mshangao. Wanaleta chai kila siku.

Usiniulize tena maswali ya kijinga. Wazee wao wako wapi? Nimefagia ua mara tatu.

Jaja yako,
Nangobi

*

Malukhu
6 Februari 2025

Jaja,

Habari za Walukuba? Msalimie mama, mwambie nimefaulu mtihani wa kwanza, na kuku wake wanataga.

Wazee hawaji. Baba amewakataza. Alisema, "Mama mkwe ana haki ya kukasirika, msiende kumsumbua na maneno."

Jaja, jambo lenyewe ni hili. Jumatatu baba alirudisha vifaa vyake kazini: miwani, mapezi ya miguuni, mtungi wa hewa, vyote. Ameomba akae ofisini aandike majina kwenye kitabu. Miaka kumi na tisa anazamia. Umesahau wale watoto wawili aliowaokoa kule mtoni? Mvua zikianza mwezi wa nne, nani ataingia majini? Mkubwa wake alimbembeleza. Baba akasema, "Mtu akinikabidhi ndugu yake, ataniamini vipi? Atafikiri nitabisha hodi kwanza." Wamempa hadi mwisho wa mwezi afikirie. Ikipita hapo, jina lake linatoka kwenye orodha ya wazamiaji.

Sijawahi kumwona baba akilia, na sasa pia halii. Amekuwa mdogo tu. Akipita barabarani anashika upande wa ukuta.

Jana nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Muulize mama mkwe kama ule mkono wa kulia umepona." Nikasema, "Hilo tu?" Akasema, "Hilo tu. Na umwambie asiwe na wasiwasi."

Sikuelewa wasiwasi gani. Nakuandikia kama alivyosema.

Mjukuu wako,
Nandutu

*

Malukhu
18 Februari 2025

Jaja,

Shikamoo. Muzafaru amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani ukafunga mlango, hukumpa hata maji ya kunywa. Hiyo siyo tabia yako. Unaumwa? Nimekukosea? Nimepiga simu, mama anasema umekaa tu, hata majirani wakija na chai unawaambia umelala.

Nijibu hata mstari mmoja. Hata unitukane.

Nandutu

*

Walukuba
27 Februari 2025

Nandutu, mjukuu wangu,

Siumwi na hukunikosea. Kiganja kimepona. Nimeandika barua hii mara nne, tatu nimezitia jikoni chini ya sufuria. Mwezi ukionekana tunaanza kufunga keshokutwa, na mimi siwezi kufunga na kitu hiki tumboni. Ningekuwa nashinda na njaa bure.

Baba yako hakunitazama nikizama. Mimi ndiye nilimkataza.

Nilipoanguka, gomesi ilijaa hewa, ikapanda yote mpaka kichwani. Mshipi ulikuwa bado unanivuta mkono wa kulia, nikazunguka, nikaisukuma ile nguo usoni nipate kupumua, na mkanda wa kiunoni ukafunguka, nguo yote ikanitoka. Nilikuwa uchi, Nandutu. Jaja yako, mwanamke wa miaka sabini na moja, aliyekwenda kuhiji Makka kwa nguvu za wanawe, uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Ndipo nikaona shuka limefunguka na mkwe wangu amesimama pale. Hakunitazama. Aligeuza uso pembeni kabisa, akauliza, "Mama, nije?"

Nikamsikia. Masikio yangu hayakuwa na maji, nilikudanganya. Mshipi ulikuwa umeshakatika, nikainua mkono wa kulia, damu inatiririka, nikampungia: kaa hapohapo. Akauliza mara ya pili. Nikapunga tena. Nilitaka nife nikiwa sijashikwa na mkwe wangu bila nguo. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote. Sikuwaza kutamka shahada, sikumwaza mama yako, niliwaza matiti yangu.

Alinitii mpaka kichwa changu kilipozama. Kilipozama hakuuliza tena. Nilisikia maji yakipasuka, akanishika, na kabla hajanitoa juu alivua shati lake humohumo majini akanifunga nalo kifuani. Ninyi mkafikiri lilininasa tu aliponivuta. Alinifunga amefumba macho. Nilimwona, maana mimi yangu yalikuwa wazi.

Nikalazwa botini, nikafunikwa lile shuka mpaka miguuni. Mama yako akaamka kwenye turubai analia, "Mama, imekuwaje?" Na Cleophas yuko pale, na Latif, wote wananitazama nimelowa, sina laifujaketi niliyoambiwa nivae, samaki amekwenda, nguo imekwenda. Ningesema nini? Ningesema mimi mzee mjinga nilimkataza mtu asiniokoe? Nikasema, "Mumeo alisimama akinitazama." Neno lilitoka lenyewe. Nilipoliona limetoka, nilingoja baba yako alikatae. Alikuwa anakamua suruali yake. Aliinua macho mara moja, akaendelea kukamua. Sikuamini. Nikafikiri, labda hakuona mkono wangu. Nikajishikia hilo, nikajifariji nalo, nikanywa chai ya watu kwa uongo huo mwezi mzima. Kila aliyekuja nilimwongezea chumvi. Kwa mke wa imamu nilisema hata alikuwa amekunja mikono.

Halafu unaniletea barua, anauliza mkono wangu wa kulia. Aliuona. Aliuona kwa pembe ya jicho tangu siku ile, na amebeba kucheka kwa mji mzima asije akaniaibisha mimi. Na bado anatuma nisiwe na wasiwasi, yaani hatanisema! Ningepigwa kofi na mkwe, isingeniuma hivi.

Nilikuwa nasema Mgisu, Mgisu, kama tusi. Miaka ishirini na mbili.

Leo asubuhi nimemwambia mama yako. Nilimkalisha chini, nikasema yote, bila kukunja kunja. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mama, na ulinitazama nikikaa pale mlangoni?" Nikasema ndiyo. Akanyanyuka akaanza kukunja nguo zake. Chai yangu ameweka chini mbali kidogo na mkono wangu. Ni haki yake. Anakuja jioni hii na gari hilohilo la Muzafaru pamoja na barua hii, mpokeeni. Kwa mke wa imamu nimekwenda mwenyewe mchana na miguu yangu. Sikueleza yote ya nguo. Nilieleza ya mkono.

Sasa fanya ninalokuambia, na usinibishie.

Kesho Ijumaa, kabla baba yako hajatoka kwenda kazini, mwambie vile vifaa vyake avichukue, mwezi haujaisha. Mwambie ni mimi nimesema, na kwamba safari hii akiniuliza, jibu ni ndiyo.

Kisha Jumapili, wakitoka kanisani, watakaa kwa Cleophas kuzunguka chungu cha malwa. Najua ni mahali pa wanaume, ingia hivyohivyo. Usikae. Waambie watoe mirija midomoni. Soma barua hii kwa sauti, kuanzia "mimi ndiye nilimkataza", na ya uchi wangu isome pia, usiruke hata neno moja. Isome polepole, Cleophas asikie vizuri. Na mtu yeyote akicheka katikati, rudi juu, uanze upya.

Jaja yako,
Nangobi