Ua Langu Liko Kituo cha Polisi

Kwa Bi Mahfoudha, mshauri wetu wa gazetini. Ama baada ya salamu nyingi na kukutakia afya njema, mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa, na nikiri kwamba shida za watu nilikuwa nikizisoma kwa kicheko nikinywa kahawa, leo imenifika mimi na kicheko hakipo, nakuomba kwa jina la Mola unishike mkono maana chakula sikigusi na mke wangu Hafswa ameshaanza kuniuliza kama kuna mtu amenifanyia kitu.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao, naishi Changamwe, na ukipita huku kwetu kibao cha duka la nyama, cha kinyozi, cha mshona nguo, cha mama wa mahamri, vyote ni mkono wangu. Kazi hii nilifundishwa Likoni na marehemu Mzee Yeslam, Mungu amrehemu, na wanafunzi tulikuwa wawili tu, mimi na Hadi, ambaye sasa yuko Mishomoroni na vibao vya upande wa Kisauni ni vyake. Mzee Yeslam alikuwa na desturi yake, kibao hakijesha mpaka mwisho wa maneno utie ua la asumini, akisema kibao bila ua ni kama sala bila salamu, na siku aliyotuhitimisha alimpa kila mmoja ua lake, la Hadi akalitia jani dogo upande wa kulia, langu akalitia upande wa kushoto, ili siku tukigombania kazi ijulikane ni ya nani. Miaka kumi na moja sasa sijaandika kitu bila ua lile, Bi Mahfoudha, hata jina la mwanangu kwenye sanduku lake la shule nilimalizia kwa ua.

Basi mwezi uliopita viongozi wa makuli wa bandarini walichukuliwa na serikali wakapelekwa bara, wapi hasa hakuna ajuaye, na wewe wajua hii hali ya hatari ilivyo, watu kukutana bila kibali ni jela na kuandika neno la siasa ni jela, na hapo ndipo aliponijia jirani yangu Mutua, naye ni kuli, ana kitambaa cha marekani yadi nne amekifunga kiunoni ndani ya koti, akaniambia, "Fundi, sisi tunataka maneno matatu tu. WARUDISHENI NDUGU ZETU. Hakuna mtu atajua ni wewe." Ningeweza kukataa. Sikukataa, na nitakwambia kweli, halikuwa jambo la ushujaa, ilikuwa ni raha tu, maana kutwa kucha naandika NYAMA SAFI na LEO KULIPA KESHO KUKOPA, na siku ile kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliandika maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayataka. Nilifunga mlango adhuhuri, Hafswa alikuwa kwa mamake, nikatandika marekani sakafuni, nikapiga mistari kwa uzi wa chaki, nikaandika herufi ambazo wallahi sijapata kuandika nzuri kama zile, na nilipofika mwisho mkono ukaenda wenyewe ukatia ua na jani lake la kushoto, wala sikujua kama nimelitia.

Nilijua siku ya tatu yake, makuli walipopita na lile bango wakielekea Makupa, nami nimesimama mbele ya duka la nyama pamoja na watu wengine, nikatazama bango, nikatazama kibao cha duka juu ya kichwa changu, nikaona ua huku na ua kule, nikashika ukuta. Askari walikuja wakawatawanya watu kwa virungu, lakini bango, Bi Mahfoudha, hawakulichana wala hawakulikanyaga, walilikunja vizuri kama nguo ya Idi wakalitia garini. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na mpaka leo sijaacha.

Siku nne baadaye alikuja inspekta, Mzungu, na askari kanzu wawili, mpaka kibandani kwangu, akaonyesha kidole kibao cha kinyozi cha jirani, akauliza, "Hii ua ni ya nani?" Nami nikajibu, "Bwana, ua hili ni la wengi, hata Hadi wa Mishomoroni hulitia." Hapo ndipo penye dhambi yangu. Jina la Hadi hakuliuliza. Nilimpa mwenyewe, bure, naye akaandika kwenye kidaftari chake akaondoka bila kuaga.

Hadi amechukuliwa. Leo ni siku ya tisa yuko ndani, na wanasema asiposema atapelekwa kizuizini huko wanakopelekwa watu bila kesi. Mkewe, Kuluthum, alikuja kwetu juzi, buibui lote vumbi, akatusimulia kwamba walimruhusu kumwona mumewe kidogo tu, na Hadi amemwambia kuwa walilitandaza lile bango mezani mbele yake wakamuuliza ua ni la nani, naye akalitazama sana kisha akasema halijui. Halafu akanigeukia mimi akaniambia, "Shemeji, nyinyi mmefunzwa pamoja, hebu nambie, ua lile ni la nani?" Nami nikasema sijui. Bi Mahfoudha, Hadi ameliona jani liko kushoto! Amejua tangu pale kwamba ni mimi, na amefunga mdomo wake, na hajui, au labda anajua, kwamba aliyemtaja ni mimi pia. Usingizi nitaupata wapi?

Sasa la kunimaliza. Jumamosi inspekta amerudi, peke yake, anatabasamu. Kituo kipya cha polisi kitafunguliwa tarehe ishirini na anataka niandike kibao chake. Akasema, "Mimi nataka kibao mzuri. Na ile ua yako weka. Usisahau." Hapo akanipiga begani akaenda zake. Je, anajua? Au amependa ua tu, kama watu wengine wanavyolipenda? Kila nikiukumbuka uso wake asubuhi naona anajua, jioni naona hajui.

Shetani ananiambia niligeuze jani liende kulia, na vile vibao vya Changamwe nivikwangue maua yote, basi la kushoto litakuwa la nani kama si la Hadi. Nimeshakwangua moja, la duka la nyama, na mwenye duka akatoka na kisu mkononi akanipigia kelele, "Fundi, kibao changu kimekukosea nini?" mpaka watu wakajaa. Ninaye mjomba Tanga, nafikiria kuvuka mpaka. Nikienda kusema ni mimi, Hafswa na watoto watabaki na nani? Nikinyamaza, Hadi ataozea huko. Hafswa hajui kama ni mimi. Nijibu kabla ya tarehe ishirini, nakusihi, nimebaki kuruka kila mlango unapobishwa.

Ni mimi mwenye hofu,
Fundi wa Vibao, Changamwe.

BI MAHFOUDHA ANAJIBU:

Ewe fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikatamani uwe karibu nikuzabe kofi.

Tuanze na huruma. Kuogopa si aibu, nani asiyeogopa siku hizi? Mimi mwenyewe gari likisimama nje ya nyumba yangu huchungulia kwanza dirishani, na mimi kazi yangu ni kusuluhisha wake wenza. Wala sikulaumu kwa yale maneno matatu. Mtu aliyeandika NYAMA SAFI miaka kumi na moja ana haki ya kuandika siku moja neno la moyo wake. Na ua nalo, basi, mkono una mazoea yake, hilo tulisamehe.

Jina la Hadi silisamehe. Ulimi hauna mfupa, lakini una mwenyewe! Hukupigwa, hukufungwa, hukuulizwa, ukamtoa mwenzio kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili apite. Na yule uliyemtoa ameketishwa mbele ya ushahidi, ameliona jani lako, na neno moja tu lingemfungulia mlango akarudi kwa Kuluthum, asiliseme. Mmefunzwa na mwalimu mmoja nyinyi? Mzee Yeslam angekuwa hai angekunyang'anya brashi.

Sasa sikiliza. Acha kukwangua vibao, leo hii. Ubao wenye ua kila mtu ameuzoea. Ubao wenye doa jeupe palipokuwa na ua, hata kipofu atauliza. Umeshawakusanya watu mbele ya duka la nyama mchana kweupe, unataka nini tena, upige ngoma? Nenda kamrudishie mwenye duka ua lake na umwambie rangi ilikuwa imeharibika.

Tanga usiende. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku utakayovuka mpaka, watasema aliyekimbia ndiye mwenye kosa, na aliyebaki ni mshirika wake, na Hadi hatatoka.

Mfuate Mutua. Mwambie waliokuletea marekani wakuletee na wakili, na mapema, maana chama cha makuli hakiwezi kuwa na pesa ya kitambaa kikakosa ya kumtetea aliyekiandika. Ukishampata, nendeni pamoja kituoni, usiende peke yako hata wakikuita kwa upole, na useme jambo moja tu: kwamba Hadi ulimtaja kwa hofu, huna ulijualo juu yake, na maneno yako unayarudisha. Waandike, utie sahihi, mnyamaze. Wakikuuliza juu yako wewe, mwenye kujibu ni wakili. Hapo ndipo ulipochanganya, fundi. Kunyamaza juu ya nafsi yako ni haki yako hata mbele ya Mungu, hukulazimishwa kujifunga kamba mwenyewe. Kumsemea mwenzio ili upone wewe, hiyo haki hukupewa na mtu.

Kibao chao waandikie. Na ua tia, na jani liwe kushoto kama lilivyokuwa siku zote. Ukiligeuza kulia umemzika Hadi, na hutapata fundi wa kukuandikia kaburi lake. Inspekta akitaka kulinganisha, Changamwe nzima imejaa vya kulinganishia, hangojei chako. Wala usipoteze siku zako kumpiga ramli kama anajua au hajui. Yeye anataka ukeshe ukifikiri hivyo, ndiyo kazi anayolipwa.

Sikudanganyi, huenda wakakuchukua. Kwa hiyo Hafswa mwambie yote, leo kabla ya chakula, na umwambie wewe, asije akaambiwa na askari. Mwanamke akijua hujipanga, asiyejua huanguka. Kisha nenda Mishomoroni kwa Kuluthum, umwambie ua lile ni la nani. Alikuuliza swali la haki nawe ukamjibu uongo, naye yuko mbele yako na vumbi la njia. Akikufukuza, fukuzika. Kesho mpelekee unga na mafuta, na kesho kutwa, mpaka mumewe arudi.

Nanyi wasomaji wengine, msihangaike kwenda Changamwe kutazama vibao. Si Changamwe, majina si hayo, kilichoandikwa si hicho, na nilichokiita ua si ua. Kila kilichogeuzika nimekigeuza kwa mkono wangu kabla ya karatasi kwenda kwa wachapaji, maana gazeti hili linasomwa na wapendwa wetu na pia na wale wengine. Mwenyewe atajijua.

Lakini wewe fundi, nina neno lako la mwisho. Bahasha yako ilifika haijafunguliwa, namshukuru Mungu. Jina lako hukulitia, anwani hukuitia, ulijificha vizuri sana. Kisha nikafika chini kabisa ya ukurasa, baada ya neno la mwisho, nikakikuta kile kialama chako, pamoja na kile chake cha kushoto, umekichora kwa wino, kizuri, hata hakina kasoro.

Nilikitazama mpaka chai ikapoa. Halafu, nilipokwisha kuinakili, barua nikaitia motoni, ile pembe yenye alama kwanza, nikangoja mpaka ikawa majivu. Usiniandikie tena mimi. Nenda kwa wakili, na ukifika huko akikupa kalamu utie sahihi, mkono wako uutazame.