Jina Ndani ya Mabano

Odessa. Jumapili, 6 Februari 1949

Nimekwenda maktaba ya watoto, nikasimama karibu na rafu kama mtu aliyepotea njia. Watoto saba wanangoja zamu ya kile kitabu cha kalunguyeye anayegawa barua. Saba. Na kile cha chumvi — inavyochimbwa mpaka ifike mezani — kimechakaa kwa kusomwa. Mimi niliyeishia darasa la tatu ndiye niliyemzaa mwandishi wa vitabu hivyo. Ila jaladani kaandikwa Pavel Ozerin. Ozerin ndiye nani? Mume wangu aliitwa Fishbein, na amelala na wenzake kwenye shimo walimofukiwa na Wajerumani nje ya mji. Nikashindwa kuvumilia. Nikamnong'oneza mkutubi: huyu ni mwanangu.

Jumanne, 15 Februari

Mwanangu Peisakh kaja na magazeti ya Moscow. Kila siku wanamtukana mwandishi fulani, kisha ndani ya mabano wanaweka jina lake la kuzaliwa. Yote majina yetu, ya Kiyahudi. Akiwekwa kwenye mabano leo, kesho hana kazi. Kesho kutwa haonekani.

"Mama, kwa sasa mimi si mwanao. Ukiulizwa, hunijui."

Nikamwambia, kwani miezi tisa nilibeba nini, tikiti maji? Hakucheka. Hata samaki hakugusa.

Alhamisi, 24 Februari

Amekuja kijana wa gazeti la hapa mjini. Mpole, kafuta viatu mlangoni. Nikasema simjui Ozerin yeyote.

"Basi samahani, mama, nimekosea nyumba. Na kweli, kule ofisini wanasema ni mtu asiye na kwao. Hata vitabu ati anaandikiwa."

Anaandikiwa! Nimefungua sanduku. Nimemtolea daftari za shule, cheti cha kuzaliwa, kila kitu. Nikamsimulia alivyozibwa koo na ugonjwa akiwa na miaka mitatu, rabi akamwongezea jina, Khaim, maana yake uhai, ili malaika wa mauti akija na orodha yake asimpate. Jina hilo halimo kwenye karatasi yoyote. Kijana akaandika. Kala vipande vitatu vya keki ya asali. Kanishukuru sana. Sana mno, sasa nikifikiri.

Jumatano, 2 Machi

Limetoka. "P. Ozerin (Khaim-Peisakh Fishbein)" anawapotosha watoto wetu. Mungu anisamehe, nilichosikia kwanza moyoni ni furaha. Jina la mume wangu, kwa herufi za chapa. Kisha nikasoma tena, polepole.

Jikoni, Klavdia, jirani ninayepika naye jiko moja miaka minne, kasogeza sufuria yake mbali na yangu. "Usinifikirie vibaya, jirani. Nina watoto."

Ijumaa, 4 Machi

Jua halijatua, Sabato haijaingia, bado naruhusiwa kuandika. Vitabu vya Peisakh vimeondolewa rafuni. Jumatatu ameitwa mbele ya mkutano wa waandishi. Amekaa mezani pangu saa nzima, anafikiri.

"Cheti wangekipata popote, mama. Lakini Khaim? Nje ya nyumba hii jina hilo analijua mtu mmoja tu. Zyama."

Zyama, waliyesoma naye tangu utoto. Zyama aliyemburuta mwanangu, mwenye risasi mguuni, kwenye theluji wakati wa vita. Nikasema, labda wamesikia kwingine.

"Kwa nani? Kwako?" Akacheka — mara ya kwanza tangu mwezi uliopita — akanibusu kichwani.

Sasa anakwenda kwa Zyama, kumtemea mate mbele ya mkewe. Na Jumatatu, anasema, wakimuuliza nani mwingine amejificha nyuma ya jina la kuazima, anajua pa kuanzia. Zyama naye ana jina la kuazima. Ana binti wawili.

Mimi si mtu wa kukosa maneno. Jengo zima linajua hilo. Tangu aliponibusu sijatamka hata moja.

Anavaa koti kwenye korido. Mishumaa iko tayari, kiberiti ninacho mkononi. Nikiwasha, kalamu naiweka chini mpaka kesho jioni. Kile kifungo cha juu cha koti humsumbua siku zote. Hapo ninayo dakika moja, pengine mbili.

Nimemwita.

"Naam, mama?"