Ncha ya Mshipi wa Baba

Dada Marit,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti limeacha kukusumbua tangu ulipoteleza kwenye barafu. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, kwa kadiri mtu wa miaka themanini na nne anavyoweza kuwa: anakula, analala, na hapigi simu. Kwenye kadi yako ya Pasaka uliuliza ilikuwaje akakubali kuhamia makao ya wazee bila ugomvi. Nilikujibu kwa simu kwamba alikata shauri mwenyewe. Hapa nakueleza ilivyokuwa.

Oktoba, kama ujuavyo, alianguka kwenye ngazi za nyuma akalala pale saa nne nzima, mpaka Lyle Pruett wa jirani alipokuja kurudisha msumeno. Tangu hapo niliendesha gari kila Jumapili, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, nawe ukiniambia kwenye simu nifanye linalopasa. Nilibishana naye hadi Januari. Mwishowe yeye ndiye aliyeleta mapatano. Tungevua siku moja, tarehe ishirini na tisa. Akipata stilihedi mmoja, wale samaki wapandao mtoni kutoka baharini, anabaki nyumbani kwake kando ya mto mwaka mwingine na mimi nafunga mdomo. Akikosa, anafunga sanduku. Kwa kuwa kisheria samaki wa asili, asiyefugwa, lazima arudishwe majini, alisema akishikwa mkia tu, kapatikana. Tulipeana mikono mbele ya Lyle.

Siku ilipofika, kipimo cha pale darajani kilisoma futi saba na nusu, na maji yalikuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Mto ukipita sita hakuna mtu wa huku anayeshusha mashua. Nilimwambia Baba tuahirishe. Akasema samaki hawasomi kipimo. Sikumbishia mara ya pili, maana kwenye maji kama yale hapatikani kitu. Hilo nalo ulijue.

Lyle alishika makasia. Saa mbili asubuhi mti mzima wa msonobari ulitupita na mizizi yake juu, naye akamwuliza Baba, “Mzee Arvid, leo tunavua magogo. Huyo ukimnasa, mkia wake uko upande gani?” Baba akamjibu apige kasia, domo halisukumi mashua.

Hadi saa sita tulikuwa tumepoteza vyambo vinne kwenye matawi yaliyozama. Mvua ilituingia shingoni. Kila ndoana ilipokatika, Baba alifunga nyingine kwa vidole vilivyokuwa vyeupe kwa baridi, na kila fundo lilimchukua dakika sita, nilizihesabu. Nilimwomba nimfungie. Alinijibu, “Wewe shika mkate wako. Tangu lini umeona fundo langu likiachia?”

Sijawahi. Utakumbuka alivyotufundisha pale mezani jikoni: mshipi ukikatika, usilaumu mtu kabla hujasoma ncha. Ikiwa imejiviringa kama mkia wa nguruwe, fundo limeachia, kosa ni lako. Ikiwa imenyooka, imekatwa na jiwe au na makali. Alivaa miwani kuiangalia, kisha akaipitisha kwenye mdomo wa chini, kwa kuwa hakuyaamini macho peke yake. Ukikutwa na mkia wa nguruwe, ulifunga mafundo ishirini kabla ya chakula. Wewe ulilia mara moja. Mimi mara nyingi.

Saa nane kasoro alimwamuru Lyle atie nanga kwenye ukingo ambao kwa kawaida ni changarawe kavu. Lyle alicheka. Baba akasema maji yakipanda, samaki naye husogea pembeni, hapendi kuhangaika. Alitupa mara tatu tu, kwenye maji ya kufika magotini, na ufito wake wa kuvulia ukapinda.

Dakika ishirini na mbili. Lyle alisimama ndani ya mashua akipiga kelele, “Mwachie akimbie, mzee! Mwachie!” na Baba akamjibu kwamba alianza kuvua kabla baba yake Lyle hajaoa. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tulipomzika Mama.

Niliingia majini kumshika samaki, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Alikuja kwa ubavu, jike, ratili kama kumi na nne, pezi dogo la mgongoni zima, maana wa kufugwa hukatwa pezi hilo. Niliinama, mgongo wangu ukiwaelekea. Mshipi ukalegea. Samaki akaondoka.

Baba alikunja mshipi hadi mwisho, akavaa miwani, akaitazama ncha, akaipitisha kwenye mdomo. Kisha akasema, kwa sauti ya kumfikia Lyle, “Fundo limeachia. Vidole vimekwisha kazi.” Lyle alivua kofia kwenye mvua ile. Jumatatu yake Baba alimpa Lyle fito zake zote saba, na Ijumaa nilimpeleka mjini na sanduku moja. Lyle bado huwasimulia watu, kwa huzuni ya kweli, siku fundo la Arvid Tveit lilipoachia.

Fundo halikuachia, Marit. Koleo langu la kukatia mshipi lilikuwa linaning'inia kifuani kwangu, na mkono wangu mmoja ulikuwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mkia. Nilikata mshipi juu kidogo ya ndoana. Lile fundo lilikwenda na samaki, na nina hakika limekaza mpaka leo. Nimejaribu kujiambia nilihofia ngazi, na mto, na majira ya baridi yanayofuata. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuendesha gari.

Na Baba anajua. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake alipoishika ile ncha, na niliiona: imenyooka kama sindano. Aliipitisha mdomoni mara mbili. Akatazama koleo kifuani kwangu. Akamtazama Lyle. Ndipo aliposema maneno yale.

Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa dirishani, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nilimwuliza kama anahitaji kitu. Alisema hapana. Akaniambia kwa upole nisijisumbue kuja kila wiki. Njia ni ndefu, na mimi ni mtu wa kuchoka.

Msalimie shemeji na wanao. Ukimpigia Baba, mwulize kuhusu chochote isipokuwa lile fundo. Atakudanganya kwa ajili yangu, na sitaki afanye hivyo mara ya pili.

Ndugu yako,
Rolf