Asubuhi Moja Kabla ya Chai

Mama Neema,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika kaka zangu wote watano, nimeyaua mapipa manne ya kuchemshia, na wewe pia nimekuzika, jambo ambalo sikulipanga. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Nimeharibu. Shauri la mtambo wetu wa kunasa harufu ya nanasi limeanza. Kile kiwanda cha Kibaha kinataka hataza ifutwe, ile karatasi inayosema mtambo ni wetu. Wanadai kupitisha mvuke kwenye bomba lililolazwa majini mpaka ugeuke matone ni jambo la wazi, fundi yeyote angeliona. Wakili wao, kijana mdogo, akaniamkia vizuri kabisa. "Shikamoo mzee. Kwa fundi hodari kama wewe, kazi hii ilikusumbua?"

Hodari! Unanijua. Nikasimama. "Inisumbue mimi? Asubuhi moja tu, kabla ya chai!"

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Ahsante babu," akakaa. Neema alinikanyaga mguu, lakini nilishasema. Njiani kurudi nyumbani, tulipofika Misugusugu, mwanao akaniambia: "Baba, umewapa kila kitu. Kama ni asubuhi moja, basi ni wazi kwa kila mtu."

Asubuhi moja! Miaka sita, mke wangu. Nilikusanya mvuke kutwa nzima nikaambulia madebe ya maji yanayonuka moshi. Pipa la tatu lilipopasuka nikakwambia bati lilikuwa bovu. Ukasema, "Baba Neema, nanasi linanukia likianza tu kuchemka. Kamata mvuke wa kwanza, mwingine uache uende zake." Nikakujibu nini? "Nyamaza, hii kazi ya bati." Jumapili ulipokwenda kanisani nikajaribu. Uliporudi uliisikia harufu toka njia panda, na hukunicheka. Halafu kwenye karatasi nikaandika jina langu peke yangu.

Jumatatu naitwa tena. Nitasimama, mimi, mbele ya vijana wenye tai, niseme nilishindwa miaka sita na aliyeona ni wewe. Nakuahidi. Wakifuta, wafute wakiwa wamelisikia jina lako. Pumzika, mama.

Asiyeniamini amuulize dada yako Anjelina wa Kurui, aliyekuwa jikoni siku ile pipa lilipopasuka, akakusikia ukiniambia. Kovu la pipa la tatu analo mkononi. Amesema atakuja nalo mahakamani.