Haingii Mpaka Akaribishwe

Mpendwa Baba Asha,

Ijumaa utakuwa umekufa. Nakwambia mapema kwa sababu hukupenda kushtukizwa. Shehe wa mtaa amekaa na ndugu zako, wamehesabu miaka tangu utoke na sanduku lako la spana, wakasema inatosha, mtu aliyepotea muda huu wote huhesabiwa amefariki. Baada ya sala ya Ijumaa watakusomea hitima hapa uani, na mimi nitaanza eda. Nguo nyeupe nimeshaikunja. Iko juu ya katoni ya vitabu.

Ndiyo, katoni ile ile. Uliibeba begani kutoka Kinanira mpaka hapa Buyenzi, nikadhani ni spea za jenereta. Yule mama wa Kizungu uliyemtengenezea jenereta alikuwa anafunga mizigo, maana milio ya bunduki ilikuwa imeshuka hadi vilima vya nyuma ya nyumba yake, akakupa vitabu ukawashie makaa. Ulikitoa kile cha juu ukaniwekea mapajani. Kwenye jalada mwanamume mweupe, mwembamba, amesimama nje ya nyumba, na ndani mwanamke ameshika taa.

"Mama Asha, we ulisoma Kifaransa kwa masista. Niambie, juu ya nini huyu mutu anasimama inje na mulango iko wazi?"

Swali hilo ndilo lililotuponza. Nikasoma kurasa chache nikakujibu kwamba huyo ni vampiri, amekufa zamani, anaishi kwa damu ya watu, na sheria yake ni moja: haingii nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Kisha ukavua viatu, ukavuta kigoda, ukasema, "Anza mwanzo."

Vilikuwa vitabu saba vya hadithi moja. Gaspard na Solange. Gaspard maiti mwenye adabu, Solange binti wa mfamasia. Ulicheka siku nzima kwa jina la Gaspard, kwa sababu kule bandarini mlikuwa na fundi mwenzenu Gaspari, "na ye anakula muhogo ya watu wanne." Couvre-feu, ile amri ya kutotembea usiku, ilikuwa imekufanya uwe mume wa kurudi mapema, jambo ambalo miaka ya amani ilishindwa. Kila siku baada ya alasiri ulikaa uani, beseni la maji ya sabuni mbele yako, unasugua grisi kwenye kucha, na mimi nasoma Kifaransa kwa macho na kukusimulia kwa Kiswahili chetu. Ulikuwa hukubali niruke hata maelezo ya mvua. Mara moja niliruka ukurasa mzima wa Solange kuvaa gauni, ukanitazama kwa jicho la fundi anayesikia injini imekosa mlio mmoja. "Rudi nyuma," ukasema. "Hapo iko kitu umeacha."

Na ulikuwa na mdomo! Asubuhi ulikwenda kuyamwaga yote bandarini. Makuli waligawanyika vyama viwili, wanaotaka Solange akimbie na wanaotaka aolewe, na kuna siku mabishano yaliwafanya waache magunia ya boti ya Kigoma gatini mpaka nahodha akashuka kugomba. Alipoambiwa sababu, akauliza naye, "Huyo Gaspari ana mali?"

Ulinionea wivu pia, usikatae. Nilisema mwanamume asiyekula, asiyenuka jasho, anayejua kuandika barua ya mapenzi, nani atamkataa? Ukainua mikono yako yenye povu.

"Mi nakula, nanuka, na siandike. Lakini mi nakuja muchana. Ye anakuja usiku tu, kama mwizi."

Mama yako alikuwa akichambua mchele pembeni, akijifanya hasikii. Kwake huyo alikuwa mumiani tu, na mumiani hasomewi hadithi. Lakini tulipofika kwenye ile sheria ya mlango aliacha mchele. "Asipokaribishwa haingii? Basi ana adabu kushinda wakwe zangu." Nawe ukaruka juu:

"Mama, huyo angekuja hapa Buyenzi angetumaliza bote siku moja! Mutu akisema hodi, sisi tunasema karibu mbele ya kujua ni nani."

Tulicheka, Baba Asha. Mama yako alicheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika, na Asha, aliyekuwa anajifunza kutembea, akaufuata chini kama kifaranga. Bunduki zilikuwa zinalia upande wa milimani na sisi tumeshika mbavu. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na sitakuwa nayo tena.

Mwisho wa kitabu cha nne kaka zake Solange walimkamata Gaspard wakamzika chini ya mawe. Ulikasirika. "Ameshakufa, atakufa mara ngapi?" Kitabu cha tano kilianza na Solange amevaa nguo za msiba, na mwisho wa sura ya pili sauti ya Gaspard ikasikika nje ya mlango, ikimwita. Solange akaweka mkono kwenye komeo. Sura ikaishia hapo, na giza likatukuta hapo.

Ulitembea uani, huku na huku, ukibishana peke yako. "Akisema karibu, atakufa ye. Asiposema, watakufa bote wawili." Kisha ukasimama mbele yangu.

"Na mi nikikufa, nikuje hapa nikupigie hodi, utasema nini?"

"Nitakusomea Ayatul Kursi mpaka uyeyuke."

Ulilipenda jawabu lile. Ulikwenda kulala ukilirudia.

Siku ya pili yake uliwahi kurudi kuliko kawaida, ili tujue kama Solange alifungua. Maharage yalikuwa motoni, kitabu kwenye mkeka. Ulikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Sauti ikasema hodi mlangoni, sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa. Nawe bila kuinua kichwa ukasema, "Karibu!"

Waliingia watatu. Walitoa salamu, wakamuuliza mama yako hali. Wakasema gari lao limekufa karibu na soko, wameelekezwa kwa fundi. Ulijifuta mikono kwenye suruali, kitu nilichokukataza maisha yangu yote, ukachukua sanduku la spana. "Usimwage maji," ukaniambia. "Narudi sasa hivi."

Sikuyamwaga. Yalikaa mpaka povu likaisha, yakafanya ngozi juu. Aliyeyamwaga ni mama yako, na siku hiyo tulikosana kwa mara ya kwanza tangu unioe.

Nilikutafuta kila mahali mwanamke anaporuhusiwa kuuliza, na baadaye hata pale asiporuhusiwa. Nilikaa kwenye mabenchi ya maofisi. Nilipita hospitalini nikiangalia miguu ya waliofunikwa, kwa sababu kile kidole chako kilichopondwa na injini ningekijua popote. Nilikwenda mpaka Kajaga, kwa kuwa wavuvi waliniambia ziwa likichukua kitu hukirudisha huko. Mmoja wao, mzee, aliacha nyavu zake akatembea nami ufukweni. Ziwa halikurudisha kitu. Wale watu walikuwa wa nani, mpaka leo sijui. Mtaa una majibu mawili, wa serikali au wa milimani, na yote mawili yanasemwa kwa kunong'ona.

Wakaanza kukulaumu. Kwenye foleni ya maji nilisikia, "Angeuliza kwanza ni nani." Nikaweka ndoo chini nikawaambia maneno ambayo shehe asingeyapenda. Wewe neno karibu ulilijua kabla hujajua jina lako. Mama yako alikulea kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone", na katika nyumba hii hapakuwahi kulala mtu nje. Ungejuaje kwamba wakati umegeuka na mgeni ndiye anayemmaliza mwenyeji? Solange alikuwa na kitabu kizima cha kufikiri. Wewe ulikuwa na sabuni mikononi.

Siku hizi ungepiga hodi Buyenzi usingeutambua mtaa. Hakuna anayesema karibu. Unabisha, na ndani kunakuwa kimya, kisha sauti inauliza, "Nani?" Ukitaja jina unaulizwa la baba. Ukitaja la baba wanakuchungulia kwenye ufa. Ukishaingia ndipo mwenyeji anakumbuka, anasema karibu kwa aibu, na chai imeshapoa. Redio inasema wakubwa wanazungumza amani. Wazungumze. Neno lile halitarudi kwa kusainiwa.

Vitabu nilivisoma vyote. Cha tano, cha sita, cha saba, kisha nikaanza tena cha kwanza. Nisikudanganye kwamba nilivisoma kwa machozi. Ni vitamu, Baba Asha. Ni vitamu mpaka najisahau, nafika mahali pa kucheka, nainua kichwa nikusimulie. Hapo ndipo utamu unaponigeukia. Makuli waliobaki bandarini bado wananisimamisha njiani kuuliza kama Solange alifungua. Sikumwambia yeyote. Nilikuwa na akili ya kijinga kwamba kama kuna kitu kitakachokurudisha nyumbani kutoka popote walipokuweka, si mimi, wala Asha, wala mama yako: ni kutaka kujua kilichotokea kwenye sura ya tatu. Nilijua udhaifu wako. Nikaushika mwisho ule kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi.

Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta mvi.

Basi mwezi uliopita mama yako aliniita chumbani kwake. Amekonda, haoni vizuri, haulizi tena mambo ya mumiani. Akanishika mkono.

"Mwanangu, mi nimechoka kungoja na macho makavu. Kwa sababu yako siwezi kulia, nikilia unasema namuua. Niache nimulie mutoto wangu mbele ya mi mwenyewe kufa."

Miaka yote hiyo nilimnyima msiba wake. Nikasema sawa, mama. Alilia palepale, bila kungoja shehe, na mimi nikamshika kichwa. Sikulia. Mimi zamu yangu ni Ijumaa.

Sasa kuna jambo linanisumbua, na wewe ndiye wa kubishana nalo. Ukija kabla ya Ijumaa, wewe ni mume uliyechelewa, pita tu, nyumba ni yako. Lakini kuanzia Ijumaa wewe ni maiti. Ukija, utakuja kama Gaspard, utasimama nje mpaka ukaribishwe. Na mimi nikiwa kwenye eda sina ruhusa ya kumkaribisha mwanamume mlangoni. Unaona walivyotufunga? Sheria ya kitabu na sheria ya dini zimekutana kwenye kizingiti chetu. Shehe nilimuuliza kwa mzunguko, akanitazama kwa huruma, akasema, "Binti yangu, wafu hawapigi hodi."

Nikaona atabaki Asha. Ana kimo changu sasa, na vidole vyako, virefu vile. Jana alikuwa anafua uani, kwenye beseni lako, nikakaa karibu naye. Nikamwambia, siku moja akija mwanamume hapo mlangoni, kidole cha mguu kimepondwa, ananuka grisi, akasema hodi, usimuulize kitu. Sema karibu.

Alikamua nguo, akaitundika. Ana upole wako.

"Mama, apana. Mi siwezi karibisha mutu simujue."

"Ni baba yako."

"Mi simujue, mama. Kila mutu atasema ye ni baba. Si we mwenyewe ulinifundisha?"

Ni kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimfundisha kila jioni, tangu alipoweza kutamka, nikisimama nje ya mlango wangu mwenyewe na kupiga hodi kwa sauti ya kiume, na kila aliposema karibu nilimfinya, mpaka akajua kusema nani. Amejifunza vizuri. Ataishi. Na wewe hutaingia.

Kwa hiyo naifungua kamba, Baba Asha. Sina tena cha kukufichia, maana sina tena ninayemngojea. Nilitaka usikie mwisho ule hapa uani, miguu imenyooshwa, niishie katikati ya sentensi makusudi ili unigombeze. Sasa uchukue hukohuko uliko, na kama kuna makuli huko wasimulie.

Solange alifungua. Hakuuliza ni nani. Alisema karibu.

Mke wako mpaka Ijumaa,
Mama Asha