Kibonyezo Chenye Ufa

Alhamisi, Eldoret. Mvua ilianza saa saba mchana, na sasa saa kumi na moja yamebaki manyunyu tu. Viatu vyangu vimelowa na sina haraka ya kuvivua.

Nina wivu. Nimeona niandike hilo kwanza, nisije nikazunguka aya tano nikijifanya nimechoka au nina mafua.

Ninayemwonea wivu ni msichana wa miaka ishirini na miwili anayeitwa Jerop, mwanafunzi wangu. Mimi ni mwalimu wa sauti hapa chuo kikuu. Kabla ya hapo nilikuwa mwimbaji, na ukiniuliza mbele ya watu nitakwambia bado ni mwimbaji. Nilisomea uimbaji wa opera ng'ambo miaka minne, kwenye mji ambao baridi yake ilinitoa machozi. Nikarudi nikidhani nitakaa mwaka mmoja tu. Sasa nina miaka hamsini na mmoja. Nimeimba kwenye harusi za mtaa wa Elgon View mpaka nimesahau majina ya maharusi, na kila Desemba mimi ndiye husimama mbele ya kwaya kwenye tamasha la Krismasi, naimba soprano, ile sauti ya juu kabisa, peke yangu. Watu husimama wakapiga makofi. Mwaka jana walisimama pia, lakini ile noti ya juu niliyokuwa naishika zamani bila kufikiria, niliigusa tu nikakimbia. Aliyegundua ni Mzee Wafula peke yake, anayenipigia piano.

Jerop anatoka Turbo. Muziki alijifunza kwenye kwaya ya kanisa, kwa do-re-mi zilizoandikwa ubaoni. Anakuja darasani akiwa amekula chipsi zenye pilipili, soda baridi mkononi. Mimi siku ya kuimba siongei hadi saa nne, nakunywa maji moto na tangawizi, nafunga skafu shingoni hata jua likiwaka. Yeye anapangusa mafuta mdomoni kwa kiganja, anaimba, na sauti inatoka safi. Kuna siku nimemchukia kwa sababu ya zile chipsi tu.

Sasa niseme lililonileta kwenye ukurasa huu.

Somo la sauti huanza kwa kupanda. Mwalimu anapiga noti kwenye piano, mwanafunzi anaimba, mwalimu anasogea kibonyezo kimoja juu, mwanafunzi anafuata. Pa kuishia anaamua mwalimu. Piano ikinyamaza, mwanafunzi naye ananyamaza. Kwenye piano ya chumba changu kuna kibonyezo kimoja cheupe chenye ufa, upande wa juu. Hapo ndipo sauti yangu huishia siku hizi. Na hapo ndipo nimekuwa nikimsimamisha Jerop, wiki baada ya wiki, kwa miaka miwili.

Wiki ya pili tu alifika pale akitabasamu. Mabega yalikuwa yametulia, koo limelegea, nikajua kabisa kwamba bado ana safari ndefu ya kupanda. Nikafunga kifuniko cha piano. Nikamwambia wewe ni alto, sauti yako ni ya chini, na alto akipita hapo anaharibu sauti.

Ni uongo.

Kwa muda nilijiambia ni tahadhari, kwamba sauti changa haikimbizwi. Sisi walimu tuna maneno mazuri ya kufunikia mambo yetu.

Jumatatu nikaongeza lingine. Jerop anaomba nafasi kwenye chuo cha muziki ng'ambo, na mimi ndiye wa kumwandikia barua. Niliandika kwamba ana sauti ya alto, ya kupendeza, nzuri sana kwa kwaya. Mtu wa kawaida ataona nimemsifu. Mwalimu wa sauti akisoma "nzuri kwa kwaya" anaelewa kwamba huyu hawezi kusimama peke yake, na anaweka jina lake pembeni. Nikaituma, nikaenda kunywa chai.

Leo mvua ilinichelewesha. Nilipofika kwenye korido nikasikia Mzee Wafula ameanza naye bila mimi. Nikasimama nje ya mlango nikitikisa mwavuli. Walifika kwenye ufa, na Mzee hakusimama. Akapanda kibonyezo kimoja, Jerop akafuata. Akapanda kingine. Niliacha kutikisa mwavuli. Wakaenda mpaka pale nilipokuwa nafika nikiwa na miaka ishirini na minane, kisha wakapita, na msichana hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaimba.

Nililia kidogo. Ningependa kusema nililizwa na uzuri wa ile sauti, lakini hapa nimeahidi kusema ukweli.

Nilipofungua mlango Jerop alishtuka.

"Sorry Madam," akasema. "Ni Mzee ameenda juu, mimi nilikuwa nafuata tu. Sijaharibu voice, ama?"

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ameniuliza mwenyewe, na jibu lilikuwa la neno moja. Nikavua koti polepole, nikalitundika, nikamwambia, "Usirudie."

Akainamisha kichwa. Tukafanya ule wimbo wa chini niliomchagulia, ambao alipaswa kuurekodi kesho saa nne, maana maombi ya kile chuo yanafungwa kesho jioni. Aliuimba kwa adabu, kama mtu anayeomba msamaha.

Alipoondoka, Mzee Wafula alibaki akikusanya karatasi zake. Ni mtu wa Moi's Bridge, mpole, sikumbuki siku aliyowahi kunipinga. Alipofika mlangoni akageuka. "Madam, huyu msichana si alto. Na wewe si kiziwi." Akafungua mwavuli wake akaenda.

Nimeandika barua mpya. Nilianza kwa "nilikosea", nikafuta. Kukosea ni kusikia vibaya, na mimi nilisikia vizuri. Nikaandika kwamba niliyowaambia Jumatatu si kweli na nilijua si kweli, kwamba Jerop ni soprano, na kwamba anapita pale ninapofika mimi. Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua nusu saa. Nimeituma kabla ya kuja kuandika hapa, kwa sababu najijua.

Wivu haujaisha. Nilidhani nikishatuma utapungua, kumbe bado upo, tena umenuna.

Kisha nimemtumia Jerop ujumbe aje saa tatu, saa nzima kabla ya kurekodi, na kwamba wimbo tunabadilisha. Ataimba ule wangu wa Desemba. Anaujua wote, amesimama nyuma yangu kwenye kwaya Desemba mbili akiusikiliza. Sababu sijamwambia. Hiyo nitaisema ana kwa ana, na sijui nitaanzia wapi.

Amejibu: "Sawa Madam 🙏 Na chipo niwache?"

Nimemwambia ale chipsi zake.

Kesho piano nitapiga mwenyewe. Nitaanza chini kama kawaida, kibonyezo kimoja baada ya kingine, naye atafuata. Tutafika kwenye ufa, na najua atanyamaza hata kabla sijaondoa mkono, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza pale.

Mkono wangu, tafadhali usisimame.